Kila Picha ya Theluji Hulipiwa kwa Joto

Wanaoniuliza habari za kupiga picha majira ya baridi karibu wote huanza na vifaa: kamera ipi inastahimili, lenzi ipi, betri ngapi. Nawaelewa, na vifaa nitavifikia. Lakini miaka niliyokaa na watu, wanyama na mandhari ya theluji imenizoesha kuanza na swali jingine kabla sijafungua begi: picha hii nani ataigharamia, na kwa joto kiasi gani? Kwenye baridi kali hakuna picha ya bure. Aliyevua koti ili gauni lake lionekane amegharamia. Ndege aliyekurupushwa tawini amegharamia kwa mafuta aliyoyatafuta kutwa nzima. Mimi ninagharamia kwa vidole. Naona wajibu wangu ni kulibeba deni hilo mimi mwenyewe kadiri niwezavyo, tena nilibebe mapema, nikiwa bado ndani penye joto.

Muda mwingi unaopotea nje hupotea kwenye mwanga. Kipimamwanga cha kamera hakiijui theluji. Kimeundwa kikichukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera ikikutana na weupe wote ule hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka ya kijivu, chafu, imechoka. Dawa yake ni kuongeza mwangaza kati ya stopu moja na mbili (kila stopu huufanya mwanga kuwa maradufu) juu ya ule inaoupendekeza kamera, kisha kuikagua histogramu, grafu ya kamera inayopanga mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia: grafu iegemee kulia bila kubanwa ukingoni. Ikibanwa ukingoni, mikunjo na chembechembe za theluji zimeshafutika na huna programu ya kuzirudisha. Ndiyo maana napiga kwa faili ghafi (RAW), yaani data yote ya kamera kabla haijabanwa, siyo JPEG, maana faili ghafi huacha nafasi kidogo ya kusahihisha.

Miongozo mingi niliyosoma huishia hapo, kana kwamba kila anayesimama kwenye theluji ana ngozi nyeupe. Mimi napiga zaidi watu weusi, na kwetu hapo ndipo kazi inapoanza. Kati ya theluji iliyopigwa na jua na uso mweusi uliogeukia kivulini pana pengo kubwa la mwanga, kubwa mno kwa kamera kulimeza lote kwa ukamilifu. Ukiiachia kamera iamue, italinda theluji na kuutoa uso kafara: unabaki na umbo la giza lenye macho na meno. Hilo silikubali hata kidogo. Mtu hajavumilia baridi ili awe kivuli kwenye picha yake mwenyewe.

Ninachofanya ni kulipunguza pengo kabla ya kugusa kitufe chochote. Namtafutia mtu mahali ambapo theluji ya nyuma yake iko kivulini, upande wa pili wa kilima au chini ya miti, huku uso wake ukielekea uwazi, ambako theluji nyingine imepigwa na jua. Theluji hiyo ya mbele inafanya kazi ya ubao mkubwa wa kurudisha mwanga. Inaumwagia uso kutoka chini, inaingia machoni, inafuta giza chini ya kidevu na chini ya ukingo wa kofia. Kisha nakipima kipande kidogo tu, shavu, kwa kipimo cha nukta, na ndicho ninachokifuata. Theluji iliyo kivulini nyuma yake itabaki nyeupe bila kuungua.

Siku ya mawingu ni nzuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mbingu na ardhi zote zinatoa mwanga laini, na ngozi nyeusi huupokea kwa namna yake: mng'ao mwembamba juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua. Umbo la uso mweusi huchorwa na mng'ao huo kuliko linavyochorwa na vivuli. Anayejaribu kuuondoa kwa poda anaufanya uso uwe bapa. Mimi hubeba mafuta ya mgando, maana hewa ya baridi ni kavu na hupausha ngozi ndani ya dakika chache, na mpauko huo kamera huuona kabla ya mtu mwenyewe kuuhisi. Upakaji mwembamba kabla ya kutoka unatosha.

Kuna pia suala la rangi. Theluji iliyo kivulini humulikwa na anga la buluu, kwa hiyo yenyewe hugeuka buluu, na buluu hiyo hupanda hadi usoni. Ukiiacha kama ilivyo, ngozi ya kahawia inakuwa ya majivu. Naweka mizani ya weupe, mpangilio wa kamera unaosahihisha rangi ya mwanga, upande wa kivuli, karibu Kelvini 7000, mpaka ngozi irudi kwenye rangi yake, na theluji ibaki na ubuluu wake kidogo. Theluji isiyo na hata chembe ya buluu kivulini inaonekana ya karatasi.

Nakumbuka binti mmoja aliyetaka picha za joho la mahafali katikati ya theluji, na ndani ya joho alitaka avae gauni jepesi. Tulikubaliana kabla ya kutoka: koti na buti vinabaki mwilini mpaka nitakaposema tayari, na kwa kuwa picha ni za kuanzia kiunoni kwenda juu, buti hazivuliwi kabisa. Mwangaza niliupima kwenye uso wa rafiki yake, aliyejifunika vizuri na ambaye rangi zao zilikaribiana. Binti alipovua koti hakukuwa na cha kurekebisha tena. Baada ya picha kadhaa nikamuuliza, "Dada, vidole unavisikia?"

Akacheka. "Navisikia, kaka, ila kwa mbali."

"Basi ingia garini kwanza."

"Nimalizie hizi mbili tu."

"Hapana, dada. Picha hazikimbii. Vidole kwanza."

Jibu la "kwa mbali" ndilo ninalolisikilizia. Kwenye ngozi nyeupe, baridi inapoanza kudhuru huonekana kwa urahisi, wekundu na kisha weupe. Ngozi nyeusi hupauka, huwa ya kijivu au hupata mng'ao wa nta, na jicho lisilozoea hupitwa. Kwa hiyo siangalii tu, nauliza, na nauliza mara kwa mara. Mtu akisema maumivu yameisha ghafla, naharakisha zaidi, maana ganzi si nafuu. Pua au sikio lililopauka hufunikwa kwa kiganja chenye joto, vidole huingizwa kwapani. Havisuguliwi, na hasa havisuguliwi kwa theluji. Sehemu ikibaki ngumu na haina hisia, aonwe daktari haraka.

Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa mpelelezi Mwingereza Robert Falcon Scott uliokwenda Antaktika mwaka 1910, aliacha picha ambayo nimeitazama sana: pango ndani ya siwa la barafu, yaani mlima wa barafu wa baharini, watu wawili wamesimama mlangoni, na mbali nyuma yao meli yao, Terra Nova. Ilipigwa Januari 1911. Wenzake walimtania kwa jinsi alivyokuwa akiwasimamisha katika mikao ya taabu hadi wanakaribia kuganda. Mwenyewe naye alilipa, kwani alisimulia kwamba ulimi wake uligusa chuma cha kamera ukaganda papo hapo. Naiheshimu picha ile bila kipingamizi. Ila kila nikiitazama nawawaza wale wawili mlangoni, walisimama muda gani.

Sasa vifaa, kwa ufupi, kwa sababu mambo yake ni machache na hayabadiliki. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi kwa kuwa mmenyuko wa kikemikali ndani yake huzorota. Betri iliyoonyesha kuisha mara nyingi bado ina chaji, ukiitia mfuko wa ndani karibu na mwili inarudi kufanya kazi. Nazungusha mbili au tatu hivyo hivyo, moja kwenye kamera na nyingine kifuani. Kuzichaji ni jambo jingine: betri ya aina hii haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, itaharibika kabisa. Mikononi navaa glovu nyembamba, juu yake glovu nene za mfuko zisizogawanya vidole, na nimejizoeza kuvijua vitufe vyote kwa kupapasa. Stendi ya chuma naivika sponji miguuni, ama natumia ya nyuzi za kaboni, isiyonyonya joto la kiganja kwa kasi ile. Na sipulizi lenzi kwa mdomo kuondoa theluji. Pumzi inaganda juu ya kioo na hapo umejitafutia kazi ya nusu saa. Brashi laini inatosha, theluji kavu huruka yenyewe.

Hatari kubwa kwa kamera hata hivyo iko mlangoni, wakati wa kurudi ndani. Chuma na kioo vilivyopoa vikikutana na hewa yenye joto na unyevu, maji hujikusanya juu yake na hata ndani yake. Nikiwa bado nje natoa kadi ya kumbukumbu, kamera naifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kisha naingia nao na kuuacha sakafuni saa moja au mbili bila kuufungua. Unyevu unabaki juu ya plastiki. Kadi ninayo mkononi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwa na pupa.

Mandhari ndiyo pekee isiyonidai kwa niaba ya mwingine, na kwenye mandhari najiruhusu ukaidi wote. Nitasimama saa nzima nikisubiri jua liguse bega la kilima. Katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi halipandi juu, kwa hiyo hata adhuhuri mwanga unakuja kwa ubavu, na mwanga wa ubavu ndio unaoifanya theluji iwe na umbo: kila tuta la upepo lina upande wa dhahabu na upande wa buluu. Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, haulioni jua kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, lakini mchana kuna masaa ya buluu na waridi ambayo kwingine hudumu dakika chache tu. Mpiga picha anayelalamika kwamba huko hakuna mwanga hajakaa nje vya kutosha.

Kabla ya kukanyaga popote nasimama na kuamua picha itakuwa wapi, kwa sababu nyayo hazifutiki mpaka theluji nyingine ianguke. Nazunguka kwa nyuma, naiacha sehemu ya mbele ikiwa haijaguswa. Siku ambayo anga na ardhi vimekuwa weupe mmoja, sitafuti mandhari pana, natafuta kitu kimoja cheusi: mti pekee, mstari wa uzio, kunguru. Kamera nayo inamhitaji huyo kunguru, maana fokasi ya kujiendesha huhaha kwenye weupe mtupu na inahitaji ukingo wa kushikia. Theluji ikianguka naamua kama nataka kuigandisha au kuiacha ichore mistari. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaouruhusu mwanga kuingia, ya 1/250 ya sekunde au zaidi huonyesha kila chembe, 1/30 huifanya iwe nyuzi. Flashi siipendi wakati huo, inamulika chembe zilizo jirani na lenzi na kuzigeuza madoa makubwa.

Na ukaidi una mpaka wake. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayovutia zaidi kupigwa picha, kwa hiyo sisimami chini yake wala juu yake siku ambazo tahadhari imetolewa. Kwenye ziwa lililoganda sitembei bila barafu safi ya walau sentimita 10, na theluji iliyolala juu ya barafu hainipi uhakika wowote kwa sababu inaficha unene na inazuia barafu isizidi kuwa nene.

Kuna mandhari nyingine, ndogo kuliko ukucha. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, aliunganisha hadubini na kamera, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa na umri wa miaka 19, akapata picha ya punje moja ya theluji. Aliendelea hadi kufa kwake mwaka 1931, akapata zaidi ya 5,000. Alizipokea punje juu ya kibao cheusi, akazihamisha kwa kijiti chembamba, akazilaza kwa unyoya, ndani ya kibanda kisicho na moto, akizuia pumzi. Namwona ni mwalimu wa fani hii nzima. Alichokuwa anakipiga picha kilikufa kwa joto la mpiga picha mwenyewe, kwa hiyo alijifunza kujiondoa.

Kwa wanyama ni vile vile, ila kinyume: wao wanakufa kwa kulikosa joto. Ndege wadogo wa misitu ya kaskazini hutumia mchana mfupi kujilimbikizia mafuta na usiku huyachoma yote ili waamke hai. Baadhi yao hushusha joto la mwili usiku ili kubana matumizi. Kuna ndege wa jamii ya kwale wanaojichimbia ndani ya theluji laini na kulala humo kwa sababu ndani kuna joto kuliko nje. Ukimkurupusha mmoja kwa kumkaribia, umemtoa kitandani na umemlazimisha kuruka, na kuruka ndio mwendo wa gharama kuliko yote aliyo nayo. Picha ya kwale akiruka kwa hofu mbele ya wingu la theluji ni picha nzuri. Sijaitafuta na sitaitafuta.

Sheria za sehemu nyingine zimeliona hili. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, ni lazima kukaa walau mita 23 kutoka kwa baisani, nyati wa Amerika, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Visiwani Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norwe, tangu Januari 2025, dubu mweupe hakaribiwi chini ya mita 300, na kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Kuna wapiga picha waliolalamika. Mimi nasimama na sheria. Umbali ule unakulazimisha kumpiga mnyama akiwa ndani ya makazi yake, mdogo kwenye weupe usio na mwisho, na picha ya namna hiyo inasema ukweli mwingi kuliko uso uliojaza fremu.

Kisha mnyama asiyekuogopa hufanya kazi zake mbele yako. Asubuhi moja nilikuwa nimeegesha pembeni mwa uwanda, injini imezimwa, vioo vimeshushwa tangu mapema. Vioo ni muhimu: hewa ya moto ikitoka garini na kukutana na baridi dirishani, lenzi ndefu huona mawimbi na hakuna picha itakayokuwa kali, kwa hiyo ndani ya gari nako kunapaswa kupoa kwanza. Mbweha mwekundu akaja akitembea polepole, pua chini. Akasimama. Masikio yakaelekea mbele, kichwa kikainama kushoto, kikarudi, kikainama kulia. Alikuwa anasikiliza kipanya chini ya theluji, akipima kwa masikio kiko wapi. Hapo nikapandisha kasi ya shata hadi 1/2000, nikaweka fokasi kwenye masikio, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa meusi kuliko vyote, nikaacha nafasi juu ya mgongo wake. Akakaza miguu ya nyuma, mwili ukajikunja, akaruka juu kwa tao na kuzama kichwa kwanza hadi mabegani, mkia ukabaki wima hewani. Akatoka na theluji usoni, mdomoni hana kitu. Akajikung'uta, akahamia mbele hatua chache na kuinamisha kichwa tena. Kila mruko ule mtupu unamgharimu. Kama ningefungua mlango ili nipate pembe nzuri zaidi, angeacha uwanja huo wenye panya na kwenda kuanza upya kwingine.

Kwa sababu hiyo napingana kabisa na wanaowarushia bundi panya hai ili wapate picha ya bundi akija moja kwa moja kwenye lenzi, mabawa wazi. Utaitambua picha hiyo: bundi anamtazama mpiga picha, siyo windo la porini. Bundi anazoea kuwafuata watu na kusogelea barabara, na barabarani kuna magari. Baadhi ya mashindano ya picha hukataa kazi zilizopatikana kwa chambo hai, na ninatamani yote yafanye hivyo.

Deni huendelea hata baada ya picha kupatikana. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa, na bundi mmoja akitangazwa mtandaoni, kufikia kesho yake chini ya mti wake kuna watu kumi na magari yanayonguruma. Kabla sijaweka picha yoyote ya mnyama wa majira ya baridi nafuta taarifa za mahali, nakagua kama nyuma hakuna kibao au mnara unaotambulika, na nangoja wiki kadhaa zipite. Wapiga picha wenzangu huniuliza kwa faragha, na wengine hununa. Nawatajia ukanda tu, pamoja na aina ya msitu na saa ya kwenda. Wakishakaa huko kwa subira watampata wao wenyewe, au watampata mwingine.